Jinsi ya Kuainisha na Kuipa Jina Spishi ya Mgugunaji Aliyetoweka: Mwongozo kwa Watafiti wa Kanda ya Ziwa

Mtu akiokota jino dogo la mgugunaji (mnyama wa kundi la panya, kindi, nungu na jamaa zao) katika udongo wa kale, akaona halifanani na lolote analolijua, wazo la kwanza linalomjia huwa ni jina atakalolipa. Mwongozo huu unaanzia mbali na hapo kwa makusudi, kwa sababu jina ndilo sehemu nyepesi ya kazi hii na ndilo la mwisho kuandikwa. Uzito wote umo katika kipande chenyewe cha mfupa, katika kumbukumbu za mahali kilipotoka, na katika kukilinganisha na vingine. Umekusudiwa wanafunzi na watafiti wa Mwanza na mikoa jirani ya ziwa, pamoja na wenzao wa upande wa Kenya na Uganda, ambao tayari wanajua spishi, jenasi na familia ni nini, lakini hawajawahi kuandika maelezo ya mnyama mpya.

Hatua ya kwanza: kibali

Hapa hakuna mengi ya kusema, ila ukiliruka hili yote yanayofuata ni bure. Nchini Tanzania kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini, si mali ya aliyekiona. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayegundua masalia atoe taarifa kwa mamlaka, na inakataza kuchimba bila leseni. Upande wa Kenya jambo hilo linasimamiwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kwa utafiti wa Tanzania utahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na ikiwa sampuli itavuka mpaka kwa ajili ya kupigwa picha au kulinganishwa, kibali cha kuisafirisha kipatikane kabla ya safari. Weka nakala za karatasi hizi pamoja na daftari lako la uwandani, kwa kuwa namba zake utazihitaji siku ya kuandika makala.

Hatua ya pili: mahali pa kutafuta

Mawe makubwa ya Mwanza, likiwamo lile la Bismarck ambalo kila mgeni hupigia picha, ni granaiti yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Mwamba wa namna hiyo ulipoa kutoka katika hali ya uji wa moto chini ya ardhi, tena zamani mno kabla hajakuwapo mnyama yeyote mwenye mifupa, kwa hiyo hakuna haja ya kuugonga kwa nyundo ukitarajia jino. Kinachohitajika ni mashapo: majivu ya volkano, matope ya ziwa au mto wa kale, udongo uliofunika mifupa upesi na kuihifadhi.

Mfano bora uko ng'ambo ya ziwa. Kisiwa cha Rusinga na eneo la Karungu, yote upande wa Kenya, yalifunikwa na majivu ya volkano ya Kisingiri, ambayo leo imebaki gofu, na majivu hayo yakahifadhi mifupa myororo ya wanyama wadogo. Visukuku vya Rusinga vina umri wa miaka milioni 17 hadi 20 hivi. Inafaa kukumbuka kwamba Ziwa Viktoria lenyewe ni changa sana, kwani kwa kawaida hukadiriwa kuwa na miaka 400,000 tu. Wagugunaji wa Rusinga hawakuliona kamwe. Kusini mwa Mwanza liko bonde la Manonga, ambalo mashapo yake ni ya mwisho wa Miosini na mwanzo wa Pliosini, vipindi viwili vya jiolojia vinavyofuatana. Mbali zaidi, katika bonde la Rukwa, kuna tabaka za Nsungwe zenye umri wa miaka milioni 25 hivi, na huko tutarudi tutakapofika kwenye majina.

Hatua ya tatu: kukusanya

Wagugunaji hawapatikani kwa kutembea na kuangalia chini. Wachache wataonekana, lakini wengi hutoka kwenye chekecheke. Chukua udongo wa tabaka moja tu kwa kila mfuko, andika ndani na nje ya mfuko namba ya eneo, tabaka na vipimo vya GPS, kisha ukaushe udongo huo juani mpaka ukauke kabisa. Udongo wa mfinyanzi uliokauka vizuri huachana haraka ukilowekwa. Ule mgumu zaidi huloweshwa kwanza kwa mafuta ya taa, ndipo ukatiwa maji. Tumia chekecheke mbili zilizopandana, ya juu yenye matundu mapana na ya chini yenye matundu ya nusu milimita. Mwenye haraka hutumia ile ya juu peke yake, na matokeo yake ni kwamba spishi ndogo zote hupotea, halafu tunasoma kwamba eneo fulani lilikuwa na wanyama wakubwa tu.

Mabaki yaliyobaki yachaguliwe chini ya darubini ndogo, punje kwa punje, kwa brashi nyembamba iliyoloweshwa ncha. Jino moja huwa na urefu wa milimita mbili au tatu, na likidondoka sakafuni halipatikani tena. Kapsuli tupu za dawa zinafaa sana kulihifadhi: jino moja, kapsuli moja, karatasi ndogo yenye namba ndani yake, na kapsuli zote katika kisanduku chenye vyumba. Jino lisilo na kumbukumbu ya tabaka lilikotoka linaweza kufaa kwa maonyesho ya shule, lakini halifai kubeba jina la spishi.

Hatua ya nne: mkusanyiko wa kulinganishia

Huwezi kumjua mnyama aliyetoweka kama huwajui waliopo. Hapa Mwanza ina neema ambayo miji mingi haina, kwani katika mianya ya majabali bundi hulala mchana na kutapika vitonge vya manyoya na mifupa ya panya waliowala. Kusanya vitonge hivyo ukiwa umevaa glavu na barakoa, vikaushe, vifumue kwa kibano, na baada ya muda utakuwa na mataya mengi ya panya wa shamba na panya wengine wa majani na vichakani. Wakubwa kama ndezi, nungu na panya buku hawaingii katika mlo wa bundi hao, kwa hiyo fuvu la ndezi uliombe kwa wawindaji wenye kibali au kwa makumbusho. Hata visukuku vingi vya wagugunaji duniani vilikusanywa kwa njia hii hii, na ndege wawindaji wa zama hizo; ndiyo sababu mara nyingine meno mengi hukutwa yamerundikana mahali pamoja, na baadhi yake enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, imelika kwa tindikali ya tumbo.

Hatua ya tano: kusoma taya na jino

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu. Kwanza hakikisha kwamba ni mgugunaji. Ana jozi moja tu ya meno ya mbele juu na jozi moja chini, yasiyoacha kukua maisha yote, yenye enameli ngumu upande wa mbele, na nyuma yake kuna pengo refu lisilo na jino kabla ya kufikia magego. Sungura ana pengo hilo pia, lakini nyuma ya meno yake makubwa ya juu hujificha jozi nyingine ndogo.

Pili, hesabu magego. Panya wa kawaida ana matatu kila upande wa taya. Ndezi ana manne, na la kwanza kati ya hayo ni jino la utoto lisilong'oka, ambalo mnyama hubaki nalo mpaka anakufa. Jambo hili limewapoteza wengi. Jino hilo la utoto ni refu na jembamba kuliko majirani zake, na likikutwa peke yake, bila taya, huonekana kama gego la mnyama mwingine kabisa. Kabla hujatangaza kwamba una spishi mbili katika tabaka moja, hakikisha kwamba huna nafasi mbili za jino katika kinywa cha spishi moja.

Tatu, geuza taya ya chini uitazame kutoka chini. Katika ndezi, nungu na fuko, pembe ya nyuma ya taya huchomoza pembeni, nje ya mstari wa ala ya jino la mbele. Katika panya na kindi pembe hiyo hutoka katika mstari huohuo. Kama una fuvu, tazama na tundu lililo mbele ya jicho: katika kundi la ndezi ni pana mno, kwa kuwa msuli wa kutafunia hupita humo. Alama hizi mbili kwa kawaida huenda pamoja, ila si lazima. Kamendegere, mgugunaji arukaye kwa miguu ya nyuma, ana tundu pana kama ndezi, na taya ya mtindo wa kindi. Kwa hiyo mwenye kipande kimoja tu asimalizie kichwani kile asichokiona mkononi.

Nne, kata kipande chembamba cha jino la mbele lililovunjika, lisuguliwe na kutazamwa kwa hadubini. Vijiti vya enameli hujipanga kwa tabaka za kijiti kimoja kimoja au za vijiti vingi, na mpangilio huo husaidia kutenganisha kundi la panya na kundi la ndezi hata pale ambapo magego hayapo. Usikate jino unalofikiria kulifanya mfano wa spishi.

Sasa magego yenyewe. Chora kila jino kwa mkono, hata kama una kamera nzuri, kwa kuwa mkono hulazimisha jicho kufuata kila tuta na kila bonde. Pima urefu na upana kwa sehemu ya mia ya milimita, ukipima mara mbili kwa siku tofauti. Kisha yapange meno ya nafasi moja kuanzia lisilolika hadi lililochakaa. Utaona kwamba mabonde yaliyokuwa wazi ukingoni hufungwa kadiri jino linavyolika, yakabaki visima vidogo vya enameli, halafu visima hivyo navyo hutoweka. Jino la mnyama mchanga na la mzee wa spishi ileile hutofautiana kuliko meno ya spishi mbili za umri mmoja. Ukiniuliza, majina mengi ya wagugunaji ambayo baadaye yalikuja kufutwa yalizaliwa hapa, mezani pa mtu aliyekuwa na meno mawili matatu na hakuwa na subira ya kurudi kuchekecha.

Hatua ya sita: je, ni mpya kweli?

Soma kila kilichoandikwa kuhusu kundi hilo, si la Afrika Mashariki pekee. Kwa Miosini ya ukanda wa ziwa, kazi ya Mfaransa René Lavocat ya mwaka 1973 haiepukiki. Humo utamkuta Diamantomys luederitzi, ambaye masalia yake yanapatikana Songhor na Rusinga nchini Kenya, lakini jina lake alipewa na mtaalamu Mjerumani Ernst Stromer mwaka 1922 kutokana na visukuku vya pwani ya Namibia, kwenye machimbo ya almasi karibu na Lüderitz. Ambaye angesoma vitabu vya Kenya tu angemwita upya mnyama mwenye jina tayari, na jina hilo la pili lingekuwa kisawe, yaani jina lililochelewa. Kanuni ya utangulizi haina huruma: kwa kawaida jina lililochapishwa kwanza ndilo linalosimama, hata kama la pili ni zuri zaidi, na hesabu hiyo huanzia mwaka 1758, toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa majina haya ya kisayansi.

Andaa jedwali la tofauti. Kwa kila spishi inayokaribiana na yako, andika ni alama ipi inawatenganisha na kama alama hiyo inategemea kulika kwa jino. Kama kinachobaki ni ukubwa tu, linganisha na jinsi ukubwa unavyotofautiana ndani ya spishi moja iliyo hai. Meno ya wale panya wa bundi yatakupa kipimo hicho. Ikiwa shaka inabaki, kuna njia ya heshima ya kuandika jina la jenasi pekee na kuacha spishi bila jina. Hakuna aibu ndani yake.

Jambo jingine la kuangalia ni kwamba jina si ushahidi wa ukoo. Mwaka 1914 mtaalamu wa visukuku C. W. Andrews alieleza visukuku ambavyo Felix Oswald alivikusanya Karungu, na katika makala hiyohiyo akatoa majina mawili yanayotufaa. Moja ni Paraphiomys pigotti, mgugunaji wa kundi la ndezi. La pili ni Myohyrax oswaldi, ambaye jina lake la jenasi linaunganisha panya na pimbi, kwa kuwa meno yake marefu yalifanana na ya pimbi. Miaka ilipita akihesabiwa miongoni mwa pimbi, hadi Bryan Patterson alipoonyesha mwaka 1965 kwamba ni wa kundi la sange, wanyama wadogo wenye pua ndefu. Si panya wala si pimbi, na bado anaitwa Myohyrax, kwa sababu Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazifuti jina kwa kosa la maana yake. Vivyo hivyo Kenyalagomys rusingae, aliyepewa jina na MacInnes mwaka 1953, ana mwisho wa -mys, lakini ni wa ukoo wa sungura.

Hatua ya saba: kuchagua holotaipu

Holotaipu ni sampuli moja inayobeba jina. Siku wataalamu watakapobishana kama spishi yako ni moja au mbili, watarudi kwenye kipande hicho, na jina litakwenda na hicho. Kwa hiyo usichague kilicho kizuri machoni, chagua chenye alama nyingi zinazotenganisha: taya yenye magego yote ni bora kuliko gego moja linalong'aa, na meno yaliyolika kiasi ni bora kuliko yasiyolika kabisa au yaliyochakaa. Sampuli nyingine ulizotumia ziorodheshwe kama parataipu.

Tangu mwaka 2000 Kanuni zinataka mwandishi aitaje holotaipu waziwazi na aseme itahifadhiwa katika mkusanyiko gani na mahali gani. Kwa visukuku vya Tanzania mahali pa kwanza pa kufikiria ni Makumbusho ya Taifa. Sampuli zilizokusanywa na Oswald zilikwenda London, kama ilivyokuwa desturi ya enzi za ukoloni, na mtafiti wa Mwanza anayetaka kumwona Paraphiomys wa kwanza analipia nauli ya ndege kwa ajili ya kitu kilichotoka ufukwe wa ziwa lake. Usiweke holotaipu katika kabati la ofisi yako hata kwa muda mfupi.

Hatua ya nane: jina

Jina la spishi lina maneno mawili, la jenasi linaloanza kwa herufi kubwa na la spishi linaloanza kwa herufi ndogo, yote kwa alfabeti ya Kilatini na kwa kawaida kwa herufi za mlazo. Neno linaweza kutoka lugha yoyote. Majina mengi ya jenasi za wagugunaji huishia na -mys, neno la Kigiriki la panya, na ushahidi kwamba Kiswahili kinakubalika ni Kahawamys mbeyaensis, mgugunaji wa tabaka za Nsungwe aliyetangazwa mwaka 2009 na Stevens na wenzake. Sehemu ya pili inaonyesha njia ya kutumia jina la mahali: ongeza -ensis mwishoni. Njia hiyo ina hatari yake, kwani panya wa shamba anayeliwa na bundi wetu anaitwa Mastomys natalensis, akibeba jina la Natal ya Afrika Kusini ilhali yuko karibu kila kona ya Afrika kusini mwa Sahara.

Jina la mtu mmoja mwanamume hupata -i, kama pigotti na oswaldi. La mwanamke hupata -ae. Wakiwa wengi ni -orum, au -arum kama wote ni wanawake. Alama za juu na nukta hazikubaliki, ndiyo maana Lüderitz iliandikwa luederitzi, na anayetaka kutumia Ng'wanza kama wanavyotamka Wasukuma itambidi aondoe kile kibainishi.

Kama neno la spishi ni kivumishi cha Kilatini, lifuate jinsia ya jenasi. Sangara anayeuzwa kila siku mwaloni Kirumba anaeleza jambo hili vizuri: Linnaeus alimwita Perca nilotica mwaka 1758, na Perca ni ya kike; alipohamishiwa jenasi Lates, ambayo ni ya kiume, akawa Lates niloticus. Jenasi zinazoishia na -mys zote ni za kiume.

Hakikisha pia kwamba jina la jenasi unalolitaka halijatumika kwa mnyama mwingine yeyote, awe mdudu au konokono, na usilitaje hadharani, katika mkutano wala mtandaoni, kabla ya makala kutoka. Jina lililotangulia bila maelezo huitwa jina tupu, halina nguvu yoyote, na hufungua mlango wa vurugu. Ndiyo sababu hata mimi sijatunga jina la mfano hapa.

Hatua ya tisa: kuchapisha, na baada yake

Makala iwe na maneno yanayosema wazi kwamba hii ni spishi mpya, maelezo ya alama zinazoitenganisha na nyingine, namba ya holotaipu, mahali na tabaka ilikotoka, umri wa tabaka hilo na namna ulivyopatikana, maana ya jina, vipimo vyote vya kila jino na si wastani peke yake, na picha zenye mizani. Kama unaanzisha jenasi mpya, taja spishi kielelezo chake, yaani spishi moja inayobeba jina la jenasi, la sivyo jenasi hiyo haihesabiki. Jina likitolewa kwa masharti, kwa mfano "iwapo itathibitika kuwa ni mpya", nalo halihesabiki. Jarida linalotoka mtandaoni tu ni lazima makala yake isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa, na ushahidi wa usajili huo uonekane ndani ya makala. Utaratibu huu ulianza mwaka 2012, na wapo waliochelewa kuusoma wakalazimika kuchapisha mara ya pili.

Baada ya hapo mnyama si wako tena. Mtu akimhamishia jenasi nyingine, jina lako na mwaka vitawekwa kwenye mabano, kama vile tunavyoandika Lates niloticus (Linnaeus, 1758), na mwisho wa neno la spishi unaweza kubadilika. Kitakachobaki vilevile ni namba ya holotaipu. Kila uamuzi mpya ukitokea, waandikie makumbusho, waongeze lebo mpya katika kisanduku cha sampuli ikiwa na tarehe na jina la aliyeamua, na ile ya zamani ibaki humo humo chini yake, isitolewe wala kufutwa.